Walimu wa Mahemani

Tukitaja wakimbizi wa Palestina wengi wetu tunaona picha ile ile: foleni ya unga, mama kashika kadi ya mgao, askari upande huu na vijana wenye mawe upande ule. Picha hiyo si ya uongo, ila imekatwa pembeni. Upande uliokatwa kuna ubao, kipande cha chaki, na kijana wa miaka kumi na nane au ishirini aliyesimama mbele ya watoto wengi kuliko anaoweza kuwahesabu. Huyo ndiye ninayetaka kumzungumzia. Nimechoka kusoma kwamba watu hawa "walipewa" elimu. Ati walipewa! Kama mtu anavyopewa blanketi.

Twende nyuma kidogo, maana shule haikuanzia kambini. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Uingereza ilikabidhiwa Palestina na Shirikisho la Mataifa, kwa utaratibu ule ule iliokabidhiwa Tanganyika. Na kama Tanganyika, shule zilikuwa chache. Mpaka miaka ya 1940 ni kama theluthi moja tu ya watoto wa Kiarabu waliokuwa wakienda shule, na wengi wao walikuwa wa mjini. Wanavijiji walichanga fedha, wakajenga darasa kwa mikono yao, kisha wakaenda kuomba mwalimu serikalini, wakaambiwa subirini. Wazee wetu wa huku wakisikia hadithi hiyo hawahitaji kutafsiriwa.

Jerusalem alikuwepo mwalimu mmoja, Khalil al-Sakakini. Mwaka 1909, wakati mji ungali chini ya Waturuki, alifungua shule isiyokuwa na fimbo. Haikuwa na maksi wala zawadi za mtihani. Hebu fikiria: mwaka 1909! Mimi nimesoma zaidi ya nusu karne baadaye na viganja vyangu vinakumbuka habari nyingine kabisa. Sakakini ndiye aliyetunga kitabu cha kufundishia watoto kusoma Kiarabu, kilichotumika miaka mingi, na neno la kwanza kabisa mtoto alilokutana nalo humo ni "ras", yaani kichwa. Karibu yake likaja "dar". Neno hili sisi tunaoishi Dar es Salaam tunalitamka kila siku bila kukumbuka kwamba maana yake ni nyumba.

Mwaka 1948 Sakakini alikuwa mzee. Vita vilipofika mtaani kwake Qatamon mwezi Aprili, aliondoka na familia yake, maktaba yake yote ikabaki nyuma. Alifia Cairo mwaka 1953, na vitabu vyake vikaishia katika maktaba kubwa ya taifa ya Waisraeli pale Jerusalem. Hayo yalimpata mtu mwenye jina. Wasio na jina walikuwa zaidi ya 700,000 waliokimbia au kufukuzwa katika vita vile, wengi wao wakulima. Walifunga milango wakachukua funguo, wakidhani watarudi baada ya wiki mbili tatu.

Sasa tuingie Gaza. Mwisho wa 1948 kipande kile cha ardhi, chenye wenyeji kama 80,000, kililazimika kubeba wakimbizi wapatao 200,000. Umoja wa Mataifa haukuwa na mikono ya kufanya kazi hiyo. Ukawapa Msalaba Mwekundu baadhi ya maeneo, na Gaza ikapewa Marafiki wa Marekani, wale tunaowaita Quakers. Ndugu zetu wa magharibi ya Kenya wanawafahamu vizuri, maana walifika Kaimosi mwaka 1902 na kanisa lao liko pale mpaka leo. Mwaka 1947 Quakers wa Marekani na Uingereza walikuwa wametunukiwa Nishani ya Nobel ya Amani kwa kazi ya kusaidia wahanga wa vita. Kwa hiyo kazi ya kugawa chakula waliijua.

Walikuja na hesabu za unga, mahema, maziwa na dawa. Shule haikuwa mbele katika mpango. Lakini wakimbizi wenyewe hawakungoja mpango. Waliokuwa walimu huko walikotoka, pamoja na vijana waliokuwa wamemaliza au kukaribia kumaliza sekondari, walikusanya watoto chini ya miti na kwenye mchanga wakaanza kufundisha. Mwanzoni walijitolea tu. Madawati yako wapi? Vitabu viko wapi? Havikuwepo. Quakers walipoliona jambo hilo wakaleta mahema ya darasa, na mwaka 1949 UNESCO ikatoa fedha kidogo. Naomba mpangilio huu uangaliwe vizuri: watoto na mwalimu walitangulia, hema likafuata, fedha zikaja mwisho. Kwenye taarifa za misaada mpangilio hugeuzwa chini juu, mfadhili akawa kichwa cha habari na mwalimu akawa "mnufaika".

Hata hivyo nawaheshimu Quakers kwa jambo moja. Mwaka 1950 walikataa kuendelea. Waliona kugawa chakula mwaka hadi mwaka kunaweza kugeuka kisingizio cha wakubwa kutotafuta suluhisho, na mtu mzima aliyekuwa na shamba lake akageuzwa kuwa namba ya kadi. Wakaliambia hilo waziwazi, wakakabidhi kazi, wakaondoka. Sijui ni mashirika mangapi leo yenye ujasiri wa kufunga ofisi kwa sababu kama hiyo.

Waliyemkabidhi ndiye UNRWA, shirika la Umoja wa Mataifa lililoundwa kwa azimio la tarehe 8 Desemba 1949 na kuanza kazi tarehe 1 Mei 1950 katika Gaza, Ukingo wa Magharibi, Jordan, Lebanon na Syria. Kipindi chake kilikuwa kifupi, kikawa kinaongezwa na kuongezwa. Ile herufi W katika jina lake inasimama kwa neno "kazi". Wazo la wakubwa lilikuwa kwamba wakimbizi wachimbe mifereji, wajenge barabara, wapate ujira, kisha wazoee kuishi huko huko walikokimbilia na mgao ukatishwe. Wakimbizi hawakuwa wajinga. Walinusa harufu ya kupangiwa makazi ya kudumu, na wao walikuwa wanadai kurudi kwao, haki iliyotajwa katika azimio namba 194 la Desemba 1948. Miradi mikubwa ya kazi ikadoda.

Kilichokubalika ni shule. Mzazi ambaye asingesaini karatasi ya kupewa shamba Sinai alikuwa tayari kupanga foleni alfajiri kumwandikisha mwanawe. Ardhi walikuwa wamenyang'anywa, na elimu ilionekana ndiyo mali ambayo askari hawezi kuizungushia seng'enge. Kidogo kidogo bajeti ya UNRWA ikafuata walikokwenda wazazi. Kuanzia miaka ya 1960 elimu ikawa inapanda kuupita mgao wa chakula, mpaka ikala zaidi ya nusu ya fedha zote za shirika. Ndiyo maana nasema shule ilidaiwa. Iliingia katika bajeti ya dunia kwa kusukumwa na watu waliokuwa wakilala mahemani.

Nani walifundisha? Hapa ndipo moyo wangu ulipo, nami nitakaa kidogo. Walimu karibu wote walikuwa wakimbizi wenyewe, na wengi hawakuwa wamepata mafunzo ya ualimu hata siku moja. Cheti cha sekondari ndicho kilichokuwa chuo chao. Mimi nina cheti cha aina hiyo. Kiko kwenye bahasha ya kaki juu ya kabati, na nimefundisha twisheni uani kwa jirani, watoto kumi na mmoja, ubao ukiwa mlango wa zamani uliopakwa rangi nyeusi. Wiki ya kwanza tu niligundua kwamba kulijua somo si kulifundisha. Sasa wewe zidisha hao kumi na mmoja wawe hamsini, waweke kwenye hema linalovuja, nusu yao hawajanywa chai, halafu mwalimu mwenyewe usiku analala hema la tatu kutoka hapo na mama yake anaumwa. Baadaye kidogo, mwaka 1964, UNRWA na UNESCO zilianzisha taasisi huko Beirut ya kuwafundisha walimu hao hao wakiwa kazini, bila kuwaondoa darasani: wiki nzima unafundisha, jioni unasoma masomo ya kutumiwa, kisha unakutana na wenzako kwenye semina. Lilikuwa wazo la akili sana. Huku kwetu miaka ya 1970, wakati wa UPE, tulipotaka walimu maelfu kwa mkupuo, tulijaribu njia inayofanana na hiyo kwa vijana wa darasa la saba, na wapo kati yetu waliofundishwa na walimu hao.

Mmoja wa wale vijana wa cheti alikuwa Ghassan Kanafani. Alizaliwa Acre mwaka 1936, akawa mkimbizi akiwa na miaka kumi na miwili, familia ikapitia Lebanon hadi Damascus. Kabla hajafikisha miaka ishirini alikuwa tayari anafundisha katika shule ya UNRWA. Mwenyewe alisimulia kisa cha somo la kuchora. Muhtasari ulisema watoto wachore tufaha na ndizi. Akaanza kuchora ubaoni, kisha akawatazama watoto wake, akatambua kwamba matunda yale hayana uhusiano wowote na maisha yao. Akafuta. Akawaambia wachore kambi.

Nimekisoma kisa hicho mara nyingi. Wenzangu tunaotaka kuandika riwaya tunahangaika kutafuta visa Ulaya na kwenye filamu za kung-fu, kumbe yule bwana mdogo alipata somo lake lote la uandishi kwa kufuta ndizi. Alianza kuandika hadithi fupi wakati huo huo wa ualimu, akitafuta namna ya kuwafanya wanafunzi wake waelewe kwa nini wako pale walipo. Baadaye alikwenda Kuwait kufundisha, kisha Beirut kwenye uandishi wa magazeti. Mwaka 1963 akatoa "Rijal fi al-Shams", riwaya fupi ya Wapalestina watatu wanaojificha ndani ya tangi la lori ili wavuke mpaka waingie Kuwait kutafuta kazi. Humo amemweka mwalimu wa kijiji, Ustadh Salim, ambaye hajui kusalisha lakini anajua kulenga bunduki, na anafariki kabla kijiji hakijaanguka. Msomaji mwingine atampita. Mimi nilisimama kwake.

Kanafani baadaye alikuwa msemaji wa chama cha PFLP, kilichoendesha mapambano ya silaha, na tarehe 8 Julai 1972 gari lake lililipuliwa kwa bomu Beirut, kazi inayotajwa kuwa ya majasusi wa Israel. Alikuwa na miaka thelathini na sita. Mpwa wake wa kike wa miaka 17 alikufa pamoja naye. Wakazi wa Dar es Salaam tunakumbuka kifo kinachofanana na hicho: Eduardo Mondlane, profesa aliyegeuka kiongozi wa FRELIMO, aliyeuawa hapa mjini tarehe 3 Februari 1969 kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu. Naye na mkewe Janet walikuwa wamehangaikia shule ya wakimbizi wa Msumbiji hapa hapa Dar tangu mwaka 1963. Wakimbizi wa Afrika Kusini nao walijenga shule yao Mazimbu, Morogoro. Inaelekea mtu akifukuzwa kwao jambo la pili analolifanya, baada ya kutafuta maji, ni kutafuta mwalimu.

Wala walimu hao hawakuwa watu wa kuinamisha kichwa. Mwezi Machi 1955 Gaza ilipofumuka kupinga mpango wa kuwahamishia wakimbizi jangwani Sinai, mmoja wa vinara alikuwa Mu'in Bseiso, mshairi, mkomunisti na mwalimu. Misri, iliyokuwa ikitawala Gaza wakati huo, ikamtia jela zaidi ya miaka miwili. Mpango wa Sinai ukafa.

Wasichana nao. Mwanzoni walikuwa kama robo tu ya wanafunzi, maana baba aliogopa kumpeleka binti yake katika hema lisilo na ukuta. Walipojengewa madarasa yenye kuta na walimu wa kike wakaongezeka, mambo yakabadilika, na kufikia miaka ya 1960 walikuwa wanakaribiana na wavulana kwa idadi, jambo ambalo nchi nyingi za eneo lile zilikuwa bado hazijaliona. Mwaka 1962 kilifunguliwa Ramallah chuo cha wasichana cha bweni, cha ualimu na kazi za ufundi pamoja. Wengi waliotoka humo walikwenda Kuwait, Saudia na kwingineko kwenye mafuta, wakafundisha watoto wa matajiri na kutuma mshahara kambini. Huyo binti wa robo ndiye aliyejenga nyumba za matofali mahali palipokuwa na mahema.

Lakini tusipake sukari. Shule hizo zilikuwa na ugonjwa wake. Ziliendeshwa kwa zamu mbili, asubuhi kundi hili, mchana kundi lile, darasa limejaa pomoni. Tena mtoto alisoma mtaala wa nchi iliyomhifadhi. Wa Gaza alisoma wa Misri, wa Ramallah alisoma wa Jordan, na wa Beirut wa Lebanon. Kila mmoja alijua wafalme na mito ya watu wengine. Historia ya kijiji cha baba yake ilifundishwa kwa mdomo, mwalimu akiwa amefunga kitabu na mlango. Baada ya vita vya Juni 1967, Israel ilipotwaa Gaza na Ukingo wa Magharibi, vitabu vikaanza kuchujwa, UNESCO ikalazimika kuunda kamati ya wataalamu ya kuvipitia, na kila upande ulilalamika. Mtaala wa Kipalestina wenyewe ulikuja baada ya mapatano ya Oslo ya miaka ya 1990.

Kisha ikaja Intifada. Ilianza Desemba 1987 katika kambi ya Jabalia, na miezi michache baadaye jeshi la Israel likafunga shule za Ukingo wa Magharibi, za serikali na za UNRWA, kwa miezi na miezi. Chuo Kikuu cha Birzeit kilifungwa kwa zaidi ya miaka minne, kikafunguliwa tena mwaka 1992. Watu wakafanya nini? Walirudia ya 1949. Kamati za mitaa ziligawana watoto: hawa wakasome kwenye gereji ya fulani, hawa msikitini, hawa kanisani, hawa sebuleni kwa mama fulani ambaye aliwahi kusoma hesabu. Agosti 1988 kamati hizo zikapigwa marufuku, na kuwa mwanachama wake kukawa kosa la kukufunga mpaka miaka kumi. Hebu mwambie mwanafunzi wa kwetu anayetoroka kipindi cha hesabu kwamba kuna mahali watu walijificha ili wafundishwe hesabu. Atakuona umechanganyikiwa.

Ya miaka yetu hii nitayapitia haraka, si kwa sababu ni madogo. Tarehe 7 Oktoba 2023 Hamas iliishambulia Israel, watu wapatao 1,200 wakauawa na 251 wakachukuliwa mateka. Vita vya Israel vilivyofuata Gaza viliua makumi ya maelfu ya Wapalestina. Shule za UNRWA, zilizokuwa na wanafunzi karibu laki tatu pale Gaza, ziligeuka makazi ya waliokimbia mabomu, nazo zenyewe zikapigwa. Januari 2024 Israel iliwatuhumu wafanyakazi kumi na wawili wa shirika kwamba walishiriki shambulio la Oktoba. Nchi nyingi zikasimamisha michango, na uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ukaona kwamba tisa huenda walihusika, wakaachishwa kazi. Bunge la Israel likatunga sheria za kulizuia shirika, zikaanza kutumika mwishoni mwa Januari 2025. Hadi mwaka huo zaidi ya wafanyakazi 300 wa UNRWA walikuwa wameuawa Gaza, wakiwamo walimu.

Mwaka 2024 wanafunzi wapatao 39,000 wa Gaza walikosa mtihani wao wa kumaliza sekondari, ule wanaouita tawjihi. Tunaojua mwezi wa kungoja matokeo ulivyo mrefu tunaweza kukisia kidogo, kidogo tu, uzito wa kutokuwa hata na mtihani wa kungojea matokeo yake. Walimu walirudi mahemani, wengine bila mshahara, wakikusanya watoto kati ya tahadhari moja na nyingine. Na mwezi Julai 2025 wanafunzi kama 1,500 walifanya tawjihi kwa mtandao wa kompyuta. Waliokuwa hawana umeme wala mtandao walikwenda kuutafuta kwenye migahawa, simu mkononi, wakaketi kujibu maswali.